Waya wa kusukia transfoma uuzwe kwa milimita, si kwa namba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie kitu ambacho mwenye transfoma hakioni kabisa: waya uliosukwa ndani yake. Barua ni ndefu, lakini jambo lenyewe ni la hesabu na likielezwa nusunusu halimsaidii mtu. Wanaohusika hapa Dar es Salaam si wachache. Kuna viwanda vya Chang'ombe na Vingunguti, hoteli, maghala ya baridi na mashine za kukoboa, wanaopokea umeme kwa msongo wa kilovoti 11 au 33 na kuushusha hadi volti 400 kwa transfoma zao wenyewe. Zile za TANESCO zilizo nguzoni hatuzigusi katika barua hii, na wala fundi wa mtaani hapaswi kuzigusa.

Transfoma ya namna hiyo ikiungua, mwenye mali huuliza bei na siku ya kuichukua. Waya gani utawekwa, haulizi. Fundi naye anakwenda Kariakoo au Gerezani, anaomba "kopa namba 18", anapimiwa kilo, anarudi kusuka. Miezi michache baadaye transfoma inarudi karakana, na lawama inatafuta mtu wa kumwangukia: umeme unaokatika, radi, mafuta, fundi. Mara nyingi kosa lilikuwa limeshafanyika dukani.

Ombi letu ni moja. Kila roli ya waya inayouzwa, na kila karatasi ya makadirio ya kusuka transfoma, iandikwe mambo manne: ni shaba au alumini, kipenyo cha waya mtupu kwa milimita, gredi (unene) ya vanishi inayoufunika waya, na daraja la joto la vanishi hiyo, yaani nyuzi joto inazostahimili. Namba ya geji peke yake isikubaliwe na mnunuzi yeyote.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayoumiza wengi. Kuna geji ya Kiingereza, ambayo roli zake huandikwa SWG, na geji ya Kimarekani, inayoandikwa AWG. Zote zina namba 18. Namba 18 ya Kiingereza ni waya wa milimita 1.219, wenye eneo la mkato la milimita za mraba 1.167. Namba 18 ya Kimarekani ni milimita 1.024, na eneo lake ni 0.823 tu. Jina moja, lakini wa pili una pungufu ya karibu asilimia 30 ya shaba. Kwa macho tofauti hiyo haionekani upesi, hasa vanishi zikiwa na rangi tofauti.

Chukua transfoma ya kVA 100, kilovoti 11 kwa volti 400, upande wa msongo mkubwa ukiwa umeungwa kwa delta, yaani koili tatu kwa umbo la pembetatu. Umeme unaopita katika kila koili ya upande huo ni ampea 3.03. Ukisuka kwa milimita 1.219, kila milimita ya mraba inabeba ampea 2.6, ambayo kwa shaba iliyozama kwenye mafuta ni mzigo wa kawaida. Ukisuka kwa namba 18 ya Kimarekani, inabeba ampea 3.7. Transfoma ya ukubwa huu huwa na takriban volti 4.5 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kila mguu, yaani kila koili moja kati ya hizo tatu, una mizunguko kama 2,430 bila kuhesabu ya tapi (matoleo ya kurekebishia volti). Tukichukua kwamba mzunguko mmoja una urefu wa robo tatu ya mita kwa wastani, mguu mmoja unakula mita zipatazo 1,820. Kwa waya wa kwanza hizo ni kilo 19 za shaba na ukinzani wa omu 27. Kwa wa pili ni kilo 13 na omu 38. Transfoma ikiwa imebeba mzigo wote na koili zikiwa na nyuzi joto 75, upande huo peke yake unapoteza wati 900 kwa waya sahihi na karibu 1,280 kwa waya mwembamba. Kama mzigo ni huo mwaka mzima, tofauti inapita uniti 3,300, na mwenye kiwanda anazilipia kwa sababu mita ya msongo wa kati huwa imekaa kabla ya transfoma yake. Mzigo ukishuka hadi nusu, hasara hushuka hadi robo, lakini haiishi.

Angalia pia mtego ulivyo. Kilo moja ya waya wa milimita 1.219 ina mita 96 hivi. Kilo moja ya ule wa 1.024 ina mita 136. Fundi asiyepima anaona roli imemfikisha mbali na anafurahi kwamba shaba imebaki. Shaba kubaki baada ya kusuka mizunguko ileile ni dalili ya kwanza ya waya mwembamba.

Kupima kipenyo ni kwa maikromita. Kalipa ya plastiki haifai. Waya upimwe ukiwa mtupu. Vanishi ya gredi ya pili kwenye waya wa ukubwa huu huongeza kipenyo kwa milimita 0.07 hadi 0.10, gredi ya kwanza huongeza kama nusu ya hapo. Anayepima juu ya vanishi na kusoma 1.22 huenda ana shaba ya 1.14 tu, yaani eneo pungufu kwa zaidi ya asilimia 12. Choma ncha kwa kiberiti cha gesi, futa kwa kitambaa, pima, zungusha waya robo duara, pima tena. Msasa unakula shaba pamoja na vanishi, kwa hiyo kwa kazi ya kupima usiutumie. Rudia mwanzo wa roli na mita kadhaa ndani, kwa kuwa waya uliovutwa vibaya huwa hauna unene mmoja.

Jambo la pili ni shaba ya uongo. Sokoni kuna waya wa alumini uliovikwa ganda jembamba la shaba, kisha ukapakwa vanishi. Ukikwangua kidogo unaona wekundu wa shaba na unaridhika. Usikwangue, kata, kisha piga tupa uso wa ncha mpaka ulainike, uutazame kwa lenzi. Moyo mweupe hauwezi kujificha hapo. Njia nyingine ni mizani: mita 10 za shaba ya milimita 1.22 zina uzito wa takriban gramu 104. Za alumini iliyovikwa hazifiki hata gramu 45. Mizani ya jikoni inatosha.

Kipimo kinachofichua makosa yote kwa pamoja ni ukinzani, ila kwa mita ya kawaida ya mkononi omu 0.15 haisomeki vizuri. Tumia betri ya volti 12 na balbu ya gari ya wati 10 kwa mfululizo, pitisha umeme katika mita 10 za waya huku ukisoma ampea, na usome volti kati ya nukta mbili zilizo ndani ya vibanio vya betri, si juu ya vibanio vyenyewe. Gawanya volti kwa ampea. Shaba safi ya milimita 1.219 itatoa omu 0.148 kwa nyuzi joto 20, na karibu 0.154 katika karakana yenye nyuzi 30. Ukipata 0.21, umeuziwa geji ya Kimarekani. Ukipata kati ya 0.22 na 0.25 wakati maikromita inasema unene ni sahihi, hiyo ni alumini, iwe imevikwa au haikuvikwa.

Hatusemi alumini ni haramu. Viwanda vingi duniani vinatengeneza transfoma za alumini na zinadumu vizuri, kwa sababu zilisanifiwa hivyo tangu mwanzo. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 ya uwezo wa shaba, kwa hiyo eneo la mkato linapaswa kuwa mara 1.64 na kipenyo mara 1.28. Badala ya 1.22 unahitaji 1.56, na waya huo hauingii katika nafasi ya kiini (chuma kinachozungukwa na koili) kilichopimiwa koili za shaba. Ndiyo maana transfoma ya shaba isisukwe kwa alumini hata mteja akibembeleza bei. Na iliyokuwa ya alumini ikisukwa upya kwa alumini, taabu iko kwenye maungio: alumini huvaa utando mgumu wa kutu nyeupe mara tu inapokwanguliwa, na ikibanwa na boliti dhidi ya shaba inalegea polepole kila inapopata moto na kupoa. Maungio yake yanataka viungo maalumu vya metali mbili, vilivyobanwa kwa mashine. Kuzungusha na kulehemu kwa risasi hakufai.

Waya wa zamani uliofumuliwa kwenye mota mbovu na kupakwa vanishi upya nao upo, na ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Umechomwa ili vanishi ya kwanza itoke, umevutwa wakati wa kufumuliwa, una makovu. Kata mita moja, funga ncha moja kwenye jiliwa, vuta taratibu mpaka ukatike. Shaba mpya iliyolainishwa vizuri hurefuka zaidi ya robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Ukikatika mapema, achana na roli hiyo. Kisha zungusha kipande kingine mara kumi juu ya msumari wenye unene sawa na waya wenyewe na uangalie kwa lenzi kama vanishi imepasuka mgongoni.

Vanishi yenye vitobo hupimwa hivi: ndoo ya maji yenye gramu 2 za chumvi kwa kila lita, betri ya volti 12, nyaya mbili. Tumbukiza mita kadhaa za waya, ncha zote zikiwa nje ya maji, ncha moja iunge na hasi ya betri, na chanya iunge na kipande cha chuma kilichozama upande wa pili wa ndoo. Palipo na kitobo vitatoka viputo kama mnyororo. Kitobo kimoja katika urefu mkubwa si ajabu. Vikiwa vingi katika mita chache, roli irudi dukani. Kipande kilicholowa kikatwe na kutupwa, kisisukwe.

Sasa tuje kwenye vanishi yenyewe, maana hapa ndipo hata mafundi wazuri hutofautiana. Watu huamini kwamba daraja kubwa la joto ndilo bora siku zote: 200 inashinda 180, 180 inashinda 120. Kwa mota ya hewa ni kweli. Ndani ya transfoma ya mafuta, kinachozeeka kwanza ni karatasi, na karatasi ni ya daraja la 105. Ukiweka waya wa daraja 200 hujapata ruhusa ya kuichemsha transfoma. Unachohitaji ni vanishi inayostahimili mafuta ya moto na unyevu kidogo unaotoka kwenye karatasi kwa miaka mingi. Vanishi ya polivinili asetali ni ya daraja 120 tu, lakini imetumika ndani ya mafuta kwa miongo mingi kwa sababu mafuta na unyevu haviili. Vanishi ya poliesta tupu, kinyume chake, huvunjwavunjwa na unyevu ikiwa imefungiwa mahali pa moto. Ya poliestaimidi iliyopakwa juu poliamidi-imidi, ambayo ni ya kawaida kwa mota, inaweza kutumika ikiwa mtengenezaji wake ameandika kwamba inafaa kwa mafuta ya transfoma. Asipoandika, chemsha kipande kilichopindwa ndani ya mafuta yaleyale utakayotumia, kwa nyuzi 105, kwa saa 72, pamoja na kipande cha karatasi, kisha ukwangue kwa ukucha. Ikibanduka au kulainika, haifai.

Vanishi ya poliurethani tunaikataa kabisa kwa kazi hii. Inapendwa kwa sababu inayeyuka yenyewe kwa joto la kulehemu na haihitaji kukwanguliwa. Sifa hiyohiyo inatosha kuonyesha ni kwa nini haitakiwi mahali ambapo shoti ya nje inaweza kupandisha joto la koili ghafla kabla fyuzi haijakatika. Ni ya redio na relei.

Gredi nayo. Mtu anaweza kuuliza: kama kati ya mzunguko na mzunguko kuna volti 4.5 tu, na vanishi ya gredi ya kwanza inastahimili zaidi ya volti elfu moja, gredi ya pili ya nini? Jibu liko angani. Radi ikipiga laini, hata mbali, wimbi linalofika kwenye transfoma hupanda hadi kilele ndani ya takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Transfoma ya kilovoti 11 hupimwa kwa pigo la kilovoti 75 au 95, ya kilovoti 33 kwa kilovoti 170. Katika muda mfupi namna hiyo pigo haligawanyiki sawasawa kwa mizunguko yote 2,430. Sehemu kubwa huangukia mizunguko ya mwanzo iliyo karibu na bushi, pale laini inapoingia kwenye transfoma. Mizunguko iliyozoea volti 4.5 inajikuta na mamia au maelfu. Kwa hiyo waya wote uwe wa gredi ya pili, na mizunguko ya mwanzo na ya mwisho ya kila koili inayounganishwa na laini, kama asilimia 3 hadi 5 ya mizunguko yote, iongezewe karatasi. Isiongezwe kupita hapo kwa kukisia, kwani karatasi nene husogeza tatizo hadi pale mizunguko minene inapokutana na ya kawaida. Hesabu karatasi zilizokuwepo wakati wa kufumua, uzirudishe zilezile. Transfoma nyingi tunazoziona zimeungulia hapo hapo, mizunguko michache kutoka bushi, baada ya kusukwa na mtu aliyetumia waya wa aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kati ya tabaka na tabaka hesabu ni nyingine. Koili ndefu ya milimita 300, waya wa milimita 1.3 pamoja na vanishi, hubeba mizunguko 230 kwa tabaka. Pale tabaka mbili zinapoachana zaidi, volti kati yao ni mara mbili ya 230 mara 4.5, yaani zaidi ya 2,000. Ndiyo sababu watengenezaji huigawa koili ya msongo mkubwa katika vipande vifupi. Kwa vipande vinne vya milimita 70 hivi, kila tabaka lina mizunguko 53, na volti kati ya tabaka hushuka hadi karibu 480. Fundi anayeunganisha vipande kuwa koili moja ili kuokoa muda ameongeza volti hizo mara nne bila kubadili karatasi. Karatasi yenyewe izidi urefu wa tabaka kwa milimita kadhaa kila upande, na kingo zishikiliwe, la sivyo waya wa pembeni huteleza na kushuka tabaka la chini.

Kwa kilovoti 33 kila kitu kinakuwa chembamba na kirefu. Transfoma ileile ya kVA 100 inapitisha ampea 1.01 kwa koili, waya unakuwa wa milimita 0.71, na mizunguko inazidi 7,200 kwa mguu. Hapo mkono mzito ni adui: waya mwembamba ukivutwa sana hurefuka na kupungua unene bila kukatika, na vanishi yake hupata nyufa usizoziona. Kosa likiwa katikati ya mizunguko elfu saba, kulitafuta ni kufumua yote.

Upande wa msongo mdogo tutaupita haraka. Ampea 144 zinataka shaba ya bapa yenye milimita za mraba 55 hivi, iliyovikwa karatasi, kwa kawaida bapa mbili au zaidi sambamba. Bapa hizo zibadilishane nafasi katikati ya koili ili zote ziwe na urefu na ukinzani sawa. Zisipobadilishana, moja hubeba zaidi ya nyingine na kuungua peke yake. Pembe ziwe za mviringo. Ukipitisha kidole na kuhisi ukali, karatasi itakatwa siku ya shoti ya kwanza.

Kuna jambo la Dar es Salaam hasa ambalo tungependa wenye transfoma walifahamu. Viwango vya kimataifa vya IEC vinavyotumika kusanifu transfoma vinachukulia kwamba hewa inayoizunguka ina wastani wa nyuzi joto 20 kwa mwaka mzima, na haizidi 40 wakati wowote. Hatufiki 40, kweli. Lakini wastani wetu wa mwaka ni karibu nyuzi 26. Nyuzi hizo sita si ndogo: kwa karatasi ya kawaida ya krafti, kila nyuzi sita zinazoongezeka juu ya nyuzi 98 za sehemu yenye moto zaidi huharakisha kuzeeka mara mbili. Yaani transfoma iliyosukwa kwa hesabu za kitabu na kubebeshwa mzigo kamili Dar es Salaam inatumia maisha yake kwa kasi maradufu, hata kama kila kitu kimefanywa sawa. Iweke kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya jengo na hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo hapa pwani tusikimbilie ampea 3 kwa milimita ya mraba. Kati ya 2.4 na 2.6 ndiyo tunayoipendekeza kwa shaba kwenye mafuta, pale nafasi ya kiini inaporuhusu. Shaba inayoongezeka ni kilo chache, na inalipwa mara moja tu.

Hewa yetu ina unyevu pia. Karatasi na waya uliovikwa karatasi hunywa unyevu huo kama sifongo, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Roli zikae kwenye nailoni iliyofungwa mpaka siku ya kusuka. Koili zikimaliza kusukwa zikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 105 hivi, siku moja hadi mbili, megga (kifaa cha kupima kama umeme unavuja) ikisomwa kila baada ya saa kadhaa. Kwanza usomaji utashuka koili zinapopata moto, kisha utapanda, na pale utakapotulia ndipo zimekauka. Kukausha juani au juu ya jiko la mkaa hukausha nje tu. Zikitoka oveni ziingie kwenye mafuta siku hiyohiyo. Kuacha koili wazi usiku kucha katika karakana ya Gerezani ni kurudisha maji yaliyotolewa kwa gharama.

Maungio ya waya wa msongo mkubwa yawe machache, na roli zinunuliwe za kutosha mguu mzima ili yasiwepo kabisa katikati ya tabaka. Yakilazimika, yaunganishwe kwa lehemu ya fedha, si kwa risasi. Yasafishwe yasiwe na miiba, yavikwe karatasi, na yakae pembeni ya koili. Ncha kali kwenye msongo wa kilovoti 33 hutoboa karatasi taratibu kwa cheche ndogo ndogo zisizosikika.

Kazi ikikamilika, mwenye mali ana haki ya kuona vipimo. Uwiano wa mizunguko usitofautiane na uliotakiwa kwa zaidi ya asilimia 0.5, katika kila tapi. Ukinzani wa miguu mitatu ukaribiane. Mmoja ukizidi wenzake waziwazi, waya umebadilishwa njiani au ungio ni bovu. Koili zilizosukwa upya zote zipimwe kwa dakika moja kwa kilovoti 28 kama transfoma ni ya kilovoti 11, na kwa kilovoti 70 kama ni ya 33. Halafu kuna kipimo kinachorukwa mara nyingi: kuilisha transfoma mara mbili ya volti zake ili mizunguko yenyewe ijaribiwe. Hakiwezi kufanyika kwa umeme wa kawaida wa hezi 50 kwa sababu kiini kitashiba na kuvuta ampea nyingi mno. Kinahitaji jenereta ya hezi 100 au zaidi. Karakana isiyo nayo iseme wazi na kupeleka transfoma panapopimika. Megga peke yake haioni shoti kati ya mizunguko, na cheti kilichoandikwa "imepimwa, iko sawa" kwa megga tu hakina uzito.

Kwa Shirika la Viwango Tanzania tunaomba ukaguzi wa roli za waya madukani uwe wa kudumu, kama unavyofanyika kwa nyaya za majumbani, na roli isiyo na maandishi ya yale mambo manne isiruhusiwe kuwekwa kwenye rafu. Maikromita, mizani na betri vinatosha kwa ukaguzi wa kwanza. Kwa wauza vifaa, tunaomba roli za Kimarekani na za Kiingereza zisichanganywe kwenye rafu moja chini ya namba moja. Mteja akiomba namba 18, muulizeni anataka milimita ngapi.

Na kwa mwenye transfoma: kabla ya kulipa malipo ya awali, andikisha kwenye makubaliano kipenyo, gredi, aina ya vanishi na idadi ya kilo za shaba kwa kila upande. Shaba ya zamani iliyofumuliwa ipimwe mbele yako na ilinganishwe na mpya. Kisha dai kipande cha mita moja kutoka kila roli iliyotumika, kifungwe kwenye bahasha yenye tarehe na namba ya transfoma, na ukihifadhi wewe mwenyewe. Siku transfoma ikirudi karakana, kipande hicho ndicho kitakachopimwa kwanza.

Ni sisi,
Mafundi wa kusuka transfoma na mota,
Gerezani, Dar es Salaam